Somo: Kusoma taarifa za barabara msimu wa baridi Wyoming na Colorado kabla hujaingiza lori

Somo hili ni la madereva wa malori wanaopita I-80 Wyoming na I-70 Colorado kati ya Septemba na Mei. Wengi wakifungua 511 (huduma ya jimbo ya taarifa za barabara) wanatafuta jibu moja tu: pamefunguliwa au pamefungwa? Katikati ya hayo mawili kuna maneno mengine kadhaa, na karibu kila moja ama lina nguvu ya sheria au linakueleza tairi lako litashikaje lami. Nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye mabango. Tena tangu tarehe 25 Juni 2025, mkaguzi anaweza kukuweka OUT OF SERVICE, yaani kukuzuia kuendesha, papo hapo ukishindwa kuzungumza naye kwa Kiingereza au kueleza maana ya alama za barabarani, mabango ya umeme yakiwemo. Programu ya kutafsiri kwenye simu haikubaliki katika mahojiano hayo. Kwa hiyo yajue kwa kichwa.

Hatua ya 1: Jua uzito wako wa leo

Fanya hivi kabla hujafungua 511. Katazo la upepo linahesabiwa kwa uzito ulio nao sasa hivi, halihusiani na ukubwa wa lori. Kichwa na trela tupu ya futi 53 kwa kawaida ni pauni 30,000 hadi 35,000. Ukijaza hadi kikomo cha kawaida cha barabara kuu unafika 80,000, yaani karibu tani 36. Lori lile lile linaweza kuruhusiwa kupita Jumatatu likiwa na mzigo na kuzuiwa Jumanne likirudi tupu. Weka tiketi ya mizani karibu. Kama mzigo ni mwepesi (chipsi, matandiko, maboksi matupu) usikadirie kwa macho, kapime.

Hatua ya 2: Soma uso wa barabara, halafu hewa, halafu katazo

Taarifa ya Wyoming ina tabaka tatu, zisome kwa mpangilio huo.

Kwenye uso wa barabara utakuta DRY (kavu), WET (imelowa), SLICK, SLICK IN SPOTS, DRIFTED SNOW, na onyo la BLACK ICE. SLICK maana yake kipande chote kinateleza kwa barafu au theluji iliyoshindiliwa. SLICK IN SPOTS ni kuteleza hapa na pale, na mimi naiogopa kuliko SLICK yenyewe. Kwenye SLICK kila dereva amepunguza mwendo. Kwenye SLICK IN SPOTS unakwenda maili 65 kwa saa juu ya lami kavu, unafika darajani, na daraja limeganda kwa sababu hewa baridi inapita juu na chini yake wakati lami ya kawaida bado ina joto la ardhi. DRIFTED SNOW ni theluji iliyorundikwa na upepo kukatisha barabara. Rundo la kimo cha goti linatosha kuvuta usukani upande mmoja.

BLACK ICE haina rangi nyeusi, ni barafu nyembamba inayoonyesha lami iliyo chini yake, ndiyo maana unadhani ni maji. Dalili yake ni hii: lami inaonekana imelowa lakini matairi ya gari la mbele hayarushi maji. Angalia pia kipimajoto. Hatari kubwa iko karibu na nyuzi 32 za Fahrenheit, yaani sifuri ya Selsiasi, maana hapo barafu ina utando wa maji juu yake. Kwenye baridi kali zaidi tairi hushika barafu vizuri kidogo kuliko hapo.

Tabaka la hewa linaeleweka haraka: FOG (ukungu), STRONG WIND (upepo mkali), BLOWING SNOW (theluji inayopeperushwa), LIMITED VISIBILITY (huoni mbali). Kumbuka tu kwamba BLOWING SNOW inaweza kuwepo mbingu zikiwa buluu kabisa. Theluji ya jana inanyanyuliwa na upepo kutoka mbugani na huoni hata boneti.

Hatua ya 3: Tofautisha ushauri na amri

Hapa ndipo faini na ajali zinapotokea.

NO UNNECESSARY TRAVEL ni ushauri. Barabara iko wazi, ila unaambiwa usiingie kama safari inaweza kusubiri.

EXTREME BLOW OVER RISK (hatari kubwa ya kupinduliwa na upepo) nalo ni onyo, lakini lichukulie kama amri kama uko tupu.

CLOSED TO LIGHT, HIGH PROFILE VEHICLES (imefungwa kwa magari mepesi yenye ubavu mrefu kwenda juu) ni amri. Mara nyingi inakuja na namba, mfano pauni 30,000 au 40,000. Ukiwa chini ya namba hiyo na una trela ndefu ya boksi, kwako wewe barabara imefungwa, hata kama malori yenye mzigo yanakupita. Fikiria ubavu wa trela ya futi 53: ni eneo la karibu futi za mraba 500, na upepo wa kusini-magharibi unaupiga kutoka ubavuni. Sehemu zenye sifa mbaya ni Arlington hadi Elk Mountain kwenye I-80, na Bordeaux karibu na Wheatland kwenye I-25. Trela tupu haiangushwi na upepo wa kawaida wa siku nzima. Linaloiangusha ni pigo moja la ghafla, hasa unapotoka kwenye kinga ya kilima kuingia uwazi. Gurudumu la nyuma upande wa upepo linanyanyuka kwanza, na ukija kulihisi kwenye kiti umeshachelewa.

NO LIGHT TRAILERS inawahusu wanaovuta trela nyepesi, wakiwemo wenye pikapu na trela za kuhamia.

CLOSED ni kufungwa kwa wote. Kuendesha kwenye barabara iliyofungwa Wyoming adhabu yake inafika dola 750, kifungo cha siku 30, au vyote viwili.

ROLLING CLOSURE inawakera wengi kwa sababu unafungiwa huku lami mbele yako ni kavu. Maana yake mji unaofuata umejaa. Wakifunga Laramie hadi Rawlins, malori yanajazana Laramie mpaka hakuna pa kuegesha, hivyo wanafunga Cheyenne pia ili watu wasiishie pembeni ya barabara usiku. Ukiona Rawlins imefungwa nawe bado uko Nebraska, tafuta maegesho mapema.

Hatua ya 4: Sheria ya cheni

Wyoming ina ngazi mbili. CHAIN LAW LEVEL 1: magari yawe na cheni, au matairi yanayofaa theluji, au yavute magurudumu yote. LEVEL 2: ni yale tu yanayovuta magurudumu yote na yenye matairi ya theluji, au yenye cheni. Lori la biashara kwenye Level 2 lifunge cheni angalau magurudumu mawili, moja kila upande wa ekseli moja ya kuvuta. Faini ni dola 250. Ukikwama bila cheni ukasababisha barabara kufungwa, ni 750.

Colorado ni kali zaidi. Kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, lori la biashara kwenye I-70 kati ya nguzo ya maili 133 (Dotsero) na ya 259 (Morrison) lazima libebe cheni za kutosha, hata jua likiwaka. Bango likiwaka CHAIN LAW kwa magari ya biashara, unafunga magurudumu manne ya kuvuta. Kutobeba ni dola 50, kutofunga ni 500, kufunga njia kwa sababu hukuvaa cheni ni 1,000, na kila moja ina tozo juu yake. TRACTION LAW (sheria ya mshiko wa tairi) ya magari madogo inataka kina cha tairi 3/16 ya inchi.

Hatua ya 5: Kufunga cheni

1. Ingia eneo lililoandikwa CHAIN UP AREA. Usifunge kwenye njia panda wala penye mteremko. Vuta breki zote mbili, washa taa za hazadi, vaa kizibao kinachong'aa na tochi ya kichwani.
2. Tandaza kila cheni chini, nyoosha mikunjo. Ncha za ndoano za vipande vya kukatisha ziangalie nje, zisiguse mpira. Ukigeuza, ndoano zinachana ubavu wa tairi.
3. Ivishe juu ya tairi, sehemu ya kufungia ya ndani ifike nyuma. Sogeza lori futi chache mbele, kisha funga ndoano ya ndani kwanza. Hakikisha cheni imebana kwa ndani kabla hujagusa nje. Ukilegeza ndani, hakuna spana itakayookoa nje.
4. Funga nje, kaza kwa spana ya cheni, weka mpira wa kuvutia.
5. Endesha robo maili hadi maili moja, simama, kaza tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo sababu cheni hukatika. Cheni iliyolegea inachapa mipira ya upepo wa breki mpaka inapasuka, na trela inajifunga breki katikati ya mlima.
6. Usizidi maili 30 kwa saa. Ukifika lami kavu, zivue.

Namba ya cheni ilingane na namba ya ubavuni mwa tairi. Cheni ya tairi kubwa haibani tairi dogo, hata uikaze vipi.

Hatua ya 6: Mwendo

Kitabu cha CDL (leseni ya kuendesha malori ya biashara) kinasema: barabara iliyolowa, punguza theluthi, theluji iliyoshindiliwa, punguza nusu au zaidi, barafu, tambaa na usimame mara upatapo mahali salama. Zima kruzi (kidhibiti mwendo) na breki ya injini. Breki ya injini inashika magurudumu ya kuvuta peke yake, na kwenye barafu trela inakuja kukupita ubavuni.

---

Maswali ya wajumbe

Dereva wa Aurora: Asante kwa somo, mkuu. Dispatcha (anayenipangia safari) ananiambia "wenzako wanapita, wewe unaogopa nini?" Nimjibu vipi?

Jibu: Kaka, kifungu 392.14 cha kanuni za shirikisho kinasema hali ikiwa hatari ya kutosha, uendeshaji usimame mpaka iwe salama kuendelea, na anayeamua ukiwa nyuma ya usukani ni wewe. Kampuni, broka (dalali wa mizigo) au mwenye mzigo akikutishia ili uvunje kanuni, hiyo ni "coercion", imekatazwa na unaweza kuishtaki kwa FMCSA (idara ya shirikisho ya usalama wa malori). Mjibu kwa maandishi, usipige simu: "I-80 closed to light, high profile under 40,000. I am at 33,500. Parked in Laramie." Weka na picha ya 511 yenye saa.

Dereva wa Omaha: Zile saa mbili za nyongeza za ADVERSE DRIVING CONDITIONS (hali mbaya ya barabara), naruhusiwa kuzitumia kila theluji ikianguka?

Jibu: Hapana. Zinakupa hadi saa 13 za kuendesha badala ya 11, na dirisha la saa 14 linakuwa 16, lakini kwa hali ambayo haikujulikana na isingeweza kujulikana kabla hujaanza zamu. Kama utabiri wa dhoruba ulitoka jana na bango lilikuwa linawaka ulipoondoka, huna haki nayo. Ukizitumia, andika sababu kwenye logi (kumbukumbu ya saa zako): mahali, saa, kilichotokea.

Mjumbe wa Salt Lake City: Dada yenu hapa. GPS ikinipa njia ya pembeni I-80 ikifungwa, niifuate?

Jibu: Usiifuate, dada. GPS inajua barabara ipo, haijui kama imepitiwa na jembe la theluji. US 30 kupitia Medicine Bow ndiyo njia ya zamani. Nayo hupatwa na dhoruba hiyo hiyo, ina maegesho machache, na msaada uko mbali. Angalia kwanza 511 ya barabara hiyo yenyewe, kisha uamue. Mara nyingi jibu ni kubaki ulipo.

Dereva wa Louisville: Nikibeba kemikali, I-70 pale Eisenhower Tunnel napita?

Jibu: Kwa kawaida hazmat (mizigo hatari) haipiti handakini, inapanda Loveland Pass, njia ya juu ya mlima, kwa US 6. Pass ikifungwa, malori ya hazmat hukusanywa na kupitishwa handakini kwa makundi, magari mengine yakiwa yamesimamishwa. Fuata maelekezo ya walinzi, usijiingize. Na kimo cha mwisho mle ni futi 13 na inchi 11. Wenye mizigo ya juu wapime kabla ya kupanda.

Dereva wa Des Moines: Nilikaa Rawlins usiku mzima wamefunga. Asubuhi wamefungua, naondoka, magurudumu ya trela hayazunguki, yanaburutwa. Tatizo ni nini?

Jibu: Breki zimeganda. Ulipoegesha, viatu vya breki vilikuwa vimelowa, vikashikamana na ngoma. Usiendelee kuburuta, utatoboa tairi upande mmoja. Achia breki za trela, tia upepo ujae, rudi nyuma na mbele kidogo kidogo. Ikikataa, zuia magurudumu ya kichwa, ingia chini, gonga ngoma kwa nyundo kwa kiasi. Usimwage maji ya moto, yataganda tena baada ya dakika chache. Safari nyingine, ukikaribia kuegesha, kanyaga breki kidogo mara kadhaa ukiwa mwendo mdogo ili joto likaushe ngoma. Kisha ukishaondoka, tazama kwenye kioo magurudumu yote ya trela yanazunguka kabla hujaingia barabara kuu.