Kupoza kompyuta na mnara wa maji wa kujitengenezea

Kama ushawahi kunywa maji ya mtungi kwa nyanya saa nane mchana hapa Kisumu, jua kali vile tunalijua, basi hii kitu ushaielewa. Maji yanapenya ule udongo, yanageuka mvuke, na mvuke ukienda unaenda na joto. Kompyuta nayo tunaifanyia hivyo hivyo.

Kabla hujanunua chochote pima hewa yako. Funga kitambaa kilicholowa kwa themomita, kipulizie feni dakika kumi, ile namba itasimama hapo ndio mwisho wa baridi, maji yako hayatashuka chini yake hata ufanyeje. Nakuru hewa ni kavu utafurahi sana, lakini huku karibu na ziwa, mvua ya Aprili ikianza, tofauti kati ya hiyo namba na joto la hewa inakuwa ndogo na hapo radieta ya kawaida inatosha.

Sasa chukua paipu ya PVC ya inchi 4, mita moja na nusu, isimamishe kwa ndoo ya lita 20. Juu weka kichwa cha shawa lakini usizibe mdomo, hewa lazima itoke. Chini, juu kidogo ya maji, toboa uweke feni ipulize ndani, hewa ipande huku matone yakishuka. Pampu ya volti 12 inakaa ndani ya ndoo, inasukuma maji hadi bloku ya shaba (kipande chenye njia ya maji ndani) iliyo juu ya prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, halafu yanapanda shawa. Bloku ikiwa ya shaba usiweke alumini popote maji yanapopita, italika.

Tafadhali, zungusha maji siku nzima kompyuta ikiwa imezimwa. Mimi niliharakisha, nikaona tone limening'inia chini ya klipu ya mpira, linanenepa polepole, kabla nifikie swichi likaangukia kadi ya grafiksi na hiyo kadi haikuwaka tena, iliniuma sana. Ukishamaliza hayo majaribio, pampu nayo iunge kwa pawasaplai ya hiyo hiyo kompyuta, zote ziwake na kuzima pamoja.

Mashine ya wati 200 inamaliza karibu mililita 300 kwa saa. Chumvi haiendi na mvuke, inabaki, so tumia maji ya mvua na ubadilishe kila wiki. Na mdomo wa ndoo na wa paipu ufunge neti, mbu wa huku wanazaa haraka kwa maji yaliyotulia na malaria tunaijua.