Jinsi ya kusoma bakuli za makaburi ya nguzo, Malindi na Mambrui

Kama wataka kujua wazee walizikanaje, anza Mambrui, kaskazini ya Malindi pwani ya Kenya, kaburi lake la nguzo (yaani lenye nguzo ya mawe imesimama juu) ni maarufu kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa. Enda asubuhi mapema, jua likipiga upande upande ndo utaona vile vishimo vya mviringo kwenye chokaa, maana bakuli nyingi za makaburi haya zilianguka ama ziliibiwa kitambo, lakini hata shimo tupu laongea, pima upana, chora, piga picha na rula kando. Kijani mtupu? Hiyo huenda ni seladoni, kauri ya Kichina ya kijani. Buluu kwa nyeupe huenda ni ya Ming (1368–1644), ila usikimbilie kusema kaburi nalo ni la enzi hiyo, bakuli laweza kukaa kabatini miaka mia ndo lije kupachikwa, so linganisha na lile kaburi la Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399.

Warumi vyungu na taa waliziweka shimoni na maiti, huku kwetu vyombo viko nje, mpita njia avione, kwa hivyo mimi naona ni hadhi ya ukoo hiyo, si riziki ya marehemu.

Na vigae, vipande vya bakuli, msiokote jamani, kikishahama hakisemi tena kilitoka kaburi gani.