Pipa la mtumba: linuse kabla hujalitia maji ya kunywa

Kwa sisi ambao maji ya mfereji hutoka kwa zamu, pipa la bluu la mtumba halikosekani uwani. Kabla ya kulitumia, tia maji kikombe kimoja, kaza kifuniko, liache juani tangu asubuhi mpaka alasiri, kisha lifungue na unuse hapo hapo mdomoni. Plastiki hunywa mafuta, dizeli na vimumunyisho vya rangi (kama thina) mpaka ndani ya ukuta wake, ndiyo maana sabuni na mchanga husafisha juu tu. Joto huvitoa tena, na harufu inapanda. Likinuka hata kidogo, maji ya kunywa hapana. Wala usijitie moyo kwamba utayachemsha: kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi risasi (metali yenye sumu) wala dawa nyingi za kuulia wadudu. Risasi ndiyo mbaya zaidi kwa watoto, huharibu ubongo unaokua.

Pua ina mipaka yake. Risasi haina harufu, na dawa za shamba nyingine hazinuki. Kwa hiyo tazama pia ubavuni: ukiona fuvu, au kibandiko cha pembe nne kilichosimama kwa ncha (alama ya hatari), liache. Alama ya bilauri na uma inasema plastiki yenyewe inafaa kwa chakula, haisemi kilichotiwa baadaye. Muuzaji atakwambia lilikuwa la juisi (yote yalikuwa ya juisi). Lisilo na kibandiko chochote, lipeleke kwenye ujenzi, lishike maji ya kukorogea saruji.