Kumtambua kozi wa Amur Mwanza: angalia chini ya bawa

Kozi wa Amur, ndege mdogo wa kuwinda, huzaliana mashariki ya Siberia na kaskazini mwa China. Hupitia India, huvuka bahari hadi Afrika Mashariki, kisha huteremka kusini mwa bara. Msafara wake mkubwa hupita mashariki yetu, kwa hiyo ukisema umemwona huku ziwani, uwe na ushahidi.

Hatua ya 1: Chagua siku. Novemba na Desemba, mvua ikikatika jioni na kumbikumbi wakitoka, kaa penye anga wazi. Majaruba ya Kisesa, nje kidogo ya jiji, yanafaa. Kapripoint, rasi ya mjini, panapendeza, ila mwewe watakumalizia betri bure.

Hatua ya 2: Mtoe mwewe kwanza. Mabawa yake ni mapana, mkia una panda. Kozi ana mabawa marefu yaliyochongoka. Hudaka kumbikumbi kwa mguu na kumla hukohuko hewani.

Hatua ya 3: Subiri ainue bawa. Kazi yote iko hapa. Dume wa Amur ni kijivu iliyokolea, lakini chini ya bawa sehemu ya mbele ni nyeupe pe, na manyoya marefu ya kurukia ni meusi. Ndugu yake, kozi miguu-myekundu, chini ya bawa ni weusi mtupu. Wote wawili wana miguu myekundu na mapaja ya rangi ya kutu, basi usihangaike na miguu. Kwa majike tazama kichwa: wa Amur ni kijivu, na kifua cheupe chenye michirizi, wa pili ana utosi na tumbo la rangi ya machungwa iliyofifia. Ukikuta ndege mzima mwenye miguu ya njano, huyo ni kozi mwingine kabisa.

Hatua ya 4: Piga picha mfululizo, kasi ya shata ya kamera iwe 1/2000 ya sekunde au zaidi, na usifute zenye ukungu. Mwaka 2008 huko Tophill Low, Yorkshire, Uingereza, ndege mmoja alidhaniwa miguu-myekundu. Picha za chini ya bawa, zenye manyoya meupe mapya, ndizo zilizoonyesha kuwa ni Amur, wa kwanza kukubaliwa nchini humo.

Hatua ya 5: Weka kwenye eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, tarehe, saa, mahali, idadi na picha. Makinda hutatanisha hata wazoefu. Bawa lisipoonekana vizuri, andika "kozi" tu.