Unahamisha kozi ya Moodle? Jaribu na moja kwanza

Jamani mnaohamisha kozi za Moodle (ule mfumo wa kufundishia mtandaoni) kutoka hosti moja, yaani kampuni inayokuwekea saiti hewani, kwenda nyingine, msibebe zote kwa mkupuo. Chukua kozi moja, ile yenye makorokoro mengi, kwizi, video, asaimenti, piga bekapu upate lile faili la .mbz, lishushe mpaka kwenye kompyuta yako, halafu lirudishe kule kupya uone inakuwaje. Na toleo la Moodle kule unakoenda liwe sawa au jipya zaidi, ukirudisha kwenye la zamani unaweza kukwama.

Maksi za wanafunzi haziingii kwenye bekapu kama hujatiki kujumuisha watumiaji, hilo wengi wanalisahau.

Ila kinachoumiza zaidi ni linki. Picha au PDF uliyoiweka kwa kubandika anwani nzima ya saiti ya zamani, leo itafunguka vizuri tu kwa sababu ile saiti bado iko hewani, sasa siku ukiizima ndo meseji zinaanza kumiminika saa nne usiku. Mimi yalinikuta, noti za wiki ya tatu zote hazifunguki na kesho yake watoto wana mtihani, niliumia sana. Kwa hiyo ingia kozi mpya kwa akaunti ya mwanafunzi, sio ya admini, bonyeza kitu kimoja kimoja, ukiona kwenye brauza imetokea anwani ya zamani pandisha hilo faili upya. Na hosti ya zamani usiifunge haraka, ilipie hata mwezi mmoja zaidi.