Kutoka Kigoma hadi jukwaa la Mkapa: anza kupanga na kurudi

Agosti 2025 tulitoka Mwanga, Kigoma, watu tisa, kwenda Dar es Salaam kutazama CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda tuliyaandaa kwa pamoja. Mratibu nilikuwa mimi, kwa hiyo lawama zote zilikuwa zangu. Wengi wetu tumezoea Uwanja wa Lake Tanganyika: timu yetu ya Mashujaa ikicheza, unamaliza chai nyumbani, unatembea, unakata tiketi getini na bado unakuta mpira haujaanza. Mashindano ya kimataifa hayaendi hivyo. Naandika haya kwa wenzangu wa Kigoma wanaojiandaa na AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda tumepewa kwa pamoja. Watu wa Tabora nanyi someni, ila njia yenu ni fupi.

Hatua ya 1: Soma mchoro wa mechi kabla ya kuomba ruhusa kazini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilicheza mechi zake nne za kundi pale Uwanja wa Benjamin Mkapa: tarehe 2, 6, 9 na 16 Agosti. Robo fainali na Morocco ikawa palepale tarehe 22. Nusu fainali moja nayo ilipangwa Mkapa, tarehe 26. Wawili kati yetu wakapiga hesabu zao: Stars wakivuka robo, nusu tunawaona hapahapa. Wakalipia gesti hadi tarehe 27 bila kuniuliza.

Hawakuwa wameangalia mchoro. Mshindi wa Tanzania na Morocco alikuwa anakwenda Kampala kukutana na mshindi wa Uganda na Senegal. Nusu fainali ya Mkapa ilikuwa ya upande wa pili, na waliofika huko walikuwa Madagascar na Sudan. Morocco wakatufunga 1-0, sote tukanyong'onyea, ila wale wawili kipigo kiliwaokoa: Stars wangeshinda, wao wangebaki Temeke na risiti ya gesti mkononi huku timu ikipanda ndege kwenda Uganda.

Kwa hiyo amua mapema: unafuata timu au unafuata uwanja? Anayefuata uwanja analala sehemu moja na anaona timu nyingi. Anayefuata timu ajiandae kuhama nchi, maana 2027 wenyeji tena ni watatu. Kisha angalia nafasi kati ya mechi na mechi. Kati ya tarehe 9 na 16 Stars hawakuwa na mchezo, na ni siku sita za kula, kulala na nauli za mjini bila mpira. Kwa mtu wa mbali, tarehe 6 na 9 ndizo zilikuwa na faida: siku nne, mechi mbili, unarudi kazini.

Hatua ya 2: Kata tiketi ya kurudi kwanza

Najua inasikika kinyume. Lakini kwenda kuna watu wa kukusukuma, marafiki, hamu, hata mkopo utapata. Kurudi uko peke yako na mfuko mtupu. Kila ninapoongoza kundi, pesa ya kurudi nakusanya kabla ya pesa ya tiketi ya uwanjani, na haiguswi. Tarehe ya kurudi iwe siku moja baada ya mechi, ila isiwe alfajiri ya siku hiyo, kwa sababu nitakazoeleza chini.

Hatua ya 3: Chagua njia

Ndege ipo, Kigoma hadi Dar. Mwenye nayo uwezo aruke hatua hii.

Treni ya zamani ya Reli ya Kati ni takribani kilomita 1,250 na haiondoki kila siku, hivyo angalia ratiba ya TRC, Shirika la Reli, kwanza. Daraja la pili kulala ndilo ninalolipenda. Unafika umenyooka mgongo. Tabora unanunua asali, watu wanapiga soga za mpira njia nzima. Ila usimwahidi mtu saa ya kufika. Ukichagua treni hii, weka siku mbili za akiba kabla ya mechi.

Basi ni haraka zaidi, na barabara inakupitisha Uvinza na Kaliua hadi Tabora, kisha Manyoni na Dodoma. Tatizo la basi ni mwisho wake: linakushusha stendi ya Magufuli, Mbezi, na Mkapa iko Temeke, ng'ambo ya jiji. Sisi tulishuka Dodoma, tukalala, asubuhi tukapanda SGR, treni ya umeme ya reli mpya. Kutoka Dodoma hadi Dar treni ya haraka inatumia kama saa tatu na nusu, na inakuacha katikati ya mji, ambapo bajaji ya kwenda Chang'ombe si safari. Mambo matatu tu: stesheni ya SGR Dodoma si ile ya zamani ya mjini, jina kwenye tiketi lifanane na kitambulisho, na fika mapema, maana mizigo inapita kwenye mashine na mlango unafungwa kabla treni haijaondoka. Usiunganishe basi na SGR siku moja. Basi likipata pancha Itigi, umekwisha.

Hatua ya 4: Tiketi ya mechi, na ile picha ya simu

Nunua kwenye njia iliyotangazwa na TFF, shirikisho letu la soka, au CAF, la Afrika, kwa jina lako na simu yako. Pale Mkapa majukwaa ni VIP A, B na C, viti vya rangi ya machungwa, na mzunguko. Mzunguko ndio wa bei ya chini na ndiko kelele ziliko. Uwanja unachukua watu 60,000, lakini mechi ya Stars usiseme nitapata tu.

Mwenzetu mmoja alichelewa, akanunua kwa kijana nje ya geti. Kijana akamtumia picha ya mraba wa QR kwenye WhatsApp, safi kabisa, jina la mechi lipo, tarehe ipo. Foleni ikasogea kwa dakika arobaini. Alipoweka simu kwenye mashine, taa ikawaka nyekundu, na mhudumu akamwambia kwa upole tu: "Kaka, hii imeshaingia." Picha moja inaweza kuuzwa kwa watu kumi, anayeingia ni wa kwanza. Kijana wa nje ya geti alikuwa ameshapotea. Mechi aliisikiliza redioni, ameegemea ukuta wa uwanja.

Kwa 2027 weka sawa kitambulisho chako cha NIDA na picha ya pasipoti kuanzia sasa. Kwenye AFCON ya Morocco kila mtazamaji alitakiwa kuwa na kitambulisho cha shabiki kupitia programu ya Yalla, hata mwenye tiketi. Huku kwetu wakiamua kufanya hivyo, foleni ya mwisho usiwemo.

Na soma saa vizuri. Tiketi huandikwa saa za kizungu: 20:00 ni saa 2 usiku, 17:00 ni saa 11 jioni. Ratiba nyingine mtandaoni ni za GMT, ongeza saa tatu.

Hatua ya 5: Lala pa kutembea kwa mguu

Chang'ombe, Keko, Temeke. Usikubali gesti ya bei poa ya Mbezi. Mechi ya saa 2 usiku inaisha karibu saa 4, maelfu wanatoka kwa pamoja, daladala zimejaa na boda anataja bei anayotaka. Tofauti ya bei ya chumba utailipa njiani usiku mmoja tu. Hii ndiyo sababu sikati basi la alfajiri.

Hatua ya 6: Kama mechi yako ni Kampala

Wengi hawaamini, lakini kwa barabara Kampala iko karibu na Kigoma kuliko Dar: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, unavuka Mutukula. NIDA peke yake haikuvushi. Beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika saa tatu kabla. Kula kabla ya kuingia. Chupa, mwavuli na kitu chenye ncha acha chumbani. Simu iwe na chaji, maana tiketi iko humo. Kubalianeni pa kukutania baada ya mechi, kitu kisichohama. Sisi tulitumia geti la DUCE, chuo kilicho jirani na uwanja, kwa sababu ukishatoka ndani mtandao unagoma.

Mimi niliyewaambia wote wasije na mizigo nilifika getini na begi. Ndani mlikuwa na dagaa kilo tatu za shangazi yangu wa Mtoni, ambaye hakuwa nyumbani mchana. Askari alifungua, akanusa, akafunga. "Mzee, hii hapana." Nikarudi hadi kwa mama ntilie wa kando ya barabara, nikamwachia begi, nikaingia nikiwa nimeshaliaga moyoni. Saa 4 na nusu usiku nilimkuta anasubiri, masufuria ameshayapanga, begi liko chini ya benchi. Nikatoa pesa, akakataa. Akafunua zipu mwenyewe, akachota vikombe viwili, akauliza hao dagaa wa Kigoma huwa tunawakaanga na mchanga wake au tunawaosha kwanza.