Kuseti spidi gavana ya helikopta ya umeme ya rimoti

Wiki jana jirani aliniletea helikopta yake ya saizi ya 500, mkia unatikisika kama wa mbwa aliyemwona mwenyewe. "Kaka, hii jairo imekufa," akasema. Jairo, kile kifaa cha kuutuliza mkia, ilikuwa nzima. Kilichokorogeka ni gavana, na kwa kuwa ugonjwa huo nami ulinila Jumapili nzima zamani, naandika.

Kenya tunaijua spidi gavana ya matatu, ile ya sheria za waziri Michuki za 2004: ukifika kilomita 80 kwa saa hupiti. Ya helikopta haizuii, inashikilia. Mapanga yakipewa mzigo inaongezea mota nguvu, mzigo ukiisha inapunguza, ili mizunguko ibaki palepale.

Hatua ya 1: Toa mapanga

Ya juu na ya mkia. Hapa hakuna mjadala.

Hatua ya 2: Piga hesabu

KV ya mota (mizunguko kwa dakika kwa kila volti) mara volti za betri, mara meno ya gia ndogo, gawa kwa meno ya gia kubwa. Ya jirani ina mota ya KV 1600, betri ya 6S, yaani seli sita (volti 22.2), gia ndogo ya meno 13 na kubwa ya 162. Inatoka mizunguko 2,850 kwa dakika. Huo ni mwisho wa kwenye karatasi. Mota ikibeba mzigo toa kama asilimia 10. Gavana nayo inahitaji akiba ya kuongeza, kwa hiyo tulilenga 2,350. Ukiiambia ishike 2,700 hapa, itashindwa kila ukipanda.

Usinakili namba ya mtu wa Mombasa kama unarusha Nairobi. Huku tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mizunguko ileile haiinui uzito uleule.

Hatua ya 3: Ifundishe ESC mwanzo na mwisho wa throto

ESC ndiyo kifaa kinachoipimia mota umeme, na throto ni stiki ya nguvu. Sogeza mota ili gia ndogo isiguse kubwa. Throto juu kabisa, chomeka betri, ikilia shusha chini kabisa, ingoje ilie tena. Lakini kwanza hakikisha rimoti iko kwenye mchoro wa throto wa 0-50-100 (asilimia stiki ikiwa chini, katikati na juu). Ukifanya hivi ukiwa kwenye mchoro bapa, ule wa 70 kila mahali, ESC itaamini 70 ndiyo mwisho wa dunia, na namba zote za mbele zitakuwa uongo. Ukimaliza, rudisha mota mahali pake.

Hatua ya 4: Washa gavana

Nunua kadi ya kuprogramu. Kuna watu bado wanaseti kwa kuhesabu milio na kusukuma stiki. Siku watakapohesabu minne badala ya mitano watanikumbuka. Kwenye kadi chagua hali ya gavana na kuanza polepole. Kwenye rimoti, mchoro wa kurukia uwe bapa: 70-70-70-70-70. Katika hali hii namba hiyo haiambii ESC itoe nguvu kiasi gani, inaiambia ishike mizunguko mingapi. Mchoro ukipanda na kushuka, unaiamuru ibadilishe lengo kila ukigusa stiki. Swichi ya kukata mota iwe sifuri, na uijaribu kabla ya kurudisha mapanga.

Hatua ya 5: Mkia ukitikisika

Hapa ndipo nilipopotea. Mkia ulitikisika, nikashusha geini ya jairo, yaani ukali wake wa kusahihisha. Ukaendelea. Nikashusha tena, nikabadilisha servo (kimota kinachoongoza mkia), nikafungua shafti ya mkia na kuisafisha. Jioni mkia ulikuwa mlegevu kama kamba na bado unatikisika.

Nilichopaswa kufanya ni kusikiliza. Iache ielee usawa wa kifua, usimame mbali, usiangalie mkia, sikiliza mota. Sauti ikipanda na kushuka, *wuuu-wuuu-wuuu*, sambamba na mkia, tatizo ni gavana: inaongeza nguvu, inapitiliza, inapunguza, inapitiliza tena, na kila mara mwili unasukumwa upande. Sauti ikiwa moja na mkia unatetemeka harakaharaka, hapo sasa shuku jairo.

Ukiwa na wasiwasi, zima gavana urushe kwa mchoro bapa wa 75. Mtikisiko ukiisha, umepata jibu.

Kisha, kabla ya kugusa geini ya gavana, angalia kama hazipo mbili. Jairo nyingi za siku hizi zina gavana yao ndani. Yangu ilikuwa imewaka, na ya ESC pia. Mafahali wawili zizi moja: hii inaongeza, ile inapunguza. Jirani naye, vilevile. Zima moja. Mimi huacha ya ESC, waya unapungua mmoja na kitu cha kuharibika kinapungua kimoja.

Kama ni moja tu na bado sauti inapanda na kushuka, shusha geini yake kidogo kidogo hadi sauti itulie. Usipitilize: ukipanda ghafla na mota ikazama, halafu ikapiga kelele ukishuka, umeshusha mno.

Hatua ya 6: Pima

Soma kumbukumbu ya ESC kama inayo. Takometa ya mwanga ni sawa, ila nje, juani. Niliwahi kupima chini ya taa ya tyubu nikapata 3,000 kamili, nikafurahi. Umeme wetu ni wa hertzi 50, tyubu inamweka mara 100 kwa sekunde, na kwa mapanga mawili hiyo inasomeka 3,000. Mota ilikuwa imezimwa.

Pima betri ikiwa imejaa, kisha dakika ya mwisho ya kuruka. Ikiwa mwishoni mizunguko inashuka, akiba imeisha: punguza lengo, 2,350 iwe 2,250, au tua mapema.